Waliolipia mapema magari ya umeme ndio wanaoumia bei zikishuka. Tuweke hesabu mezani

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Bei ya gari la umeme ikishuka, mitandaoni huwa ni shangwe. Mimi pia nafurahi, maana betri zisiposhuka bei haya magari yatabaki kuwa ya wenye nazo. Lakini kuna kundi moja ambalo likilalamika tu linaambiwa lifunge mdomo: wale waliotoa pesa zao kabla hata gari halijatoka kiwandani. Wanaitwa walalamishi, wanaambiwa walikuwa na kiherehere. Naona wanaonewa, na nitajieleza kwa tarakimu. Anayepinga naye aje na tarakimu.

Nachukua Tesla Model 3 kwa sababu ndilo lililowafundisha wengine wote mtindo wa kukusanya arbuni kwa wingi.

Tarehe 31 Machi 2016 watu walipanga foleni nje ya maduka ya Tesla tangu asubuhi. Gari lenyewe hawakuwa wameliona. Lilizinduliwa usiku wa siku hiyo California, na kufikia saa hiyo oda zilikuwa zimeshapita 100,000. Masharti yalikuwa mepesi: dola 1,000 kushika nafasi, ukibadili mawazo unarudishiwa. Bei iliyotajwa jukwaani ilikuwa dola 35,000. Wiki moja baadaye oda zilikuwa kama 325,000. Zidisha mara 1,000 uone ni pesa kiasi gani ziliingia, bila riba, kwenye kampuni ambayo wakati huo ilikuwa inahangaikia kila senti ya kujenga mitambo.

Magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa tarehe 28 Julai 2017. Hapo ndipo waliotangulia kwenye foleni walipoanza kukutana na bei ya kweli. Ukifungua ukurasa wa kuagiza, ile bei ya 35,000 ilikuwepo, lakini toleo lake lilikuwa bado halitengenezwi. Lililokuwa linatengenezwa ni lenye betri kubwa: ongeza 9,000. Betri kubwa ilikuja na kifurushi cha lazima, viti vya kujirekebisha kwa umeme, spika nzuri zaidi, urembo wa mbao kwenye dashibodi: ongeza 5,000. Hapo ni 49,000. Hutaki rangi nyeusi? Ongeza 1,000. Unataka gari lijisaidie kuendesha barabara kuu? 5,000 nyingine. Usafirishaji hadi kwako, 1,000.

Mtu wa foleni alikuwa na njia mbili. Achukue la 49,000 sasa hivi, au asubiri la 35,000 bila kuambiwa tarehe ya kueleweka.

Sasa tazama walichopata wote wawili.

Aliyechukua la bei kubwa alipata msamaha wa kodi wa serikali ya Marekani, dola 7,500 kamili. Hilo nalikubali. Lakini mwanzoni mwa 2019 bei zikaanza kuporomoka. Tarehe 2 Januari Tesla walipunguza dola 2,000 kwenye magari yao yote. Februari wakapunguza tena 1,100. Tarehe 28 Februari ndipo walipotangaza kwamba toleo la 35,000 limefika, na kwa nyongeza ya 2,000 tu unapata lenye viti vizuri na masafa marefu kidogo. Vile vitu ambavyo mwenzetu alilazimishwa kuvilipia 5,000 vingine vikawa vinapatikana ndani ya gari la 37,000.

Aliyesubiri naye? Sheria ya Marekani ilisema kampuni ikishauza magari ya umeme 200,000 nchini humo, msamaha unaanza kupunguzwa. Tesla walifika hapo Julai 2018. Kwa hiyo kuanzia 1 Januari 2019 msamaha ukawa 3,750, kuanzia Julai mwaka huo 1,875, na 2020 ukaisha kabisa. Mtu aliyepiga hesabu 2016 kwamba 35,000 ukitoa 7,500 gari litamgharimu 27,500, alipofikiwa zamu yake lilimgharimu 31,250. Tena awahi, kwa sababu katikati ya Aprili 2019 toleo hilo liliondolewa kwenye ukurasa wa kuagiza, likawa linapatikana kwa kupiga simu au kwenda dukani tu.

Aliyekimbilia alilipa zaidi, na aliyesubiri pia alilipa zaidi. Aliyenufaika ni yule ambaye hakutoa hata senti 2016, akajitokeza tu siku bei iliposhuka. Naye hakuhitaji foleni, kwa sababu kuanzia Julai 2018 mtu yeyote Marekani na Kanada aliruhusiwa kuagiza bila kuwa na nafasi.

Hoja yangu ni hii. Sisemi bei isishuke. Nasema kampuni iliuza foleni kama faida kwa mteja, kisha ikaitumia kujua nani ana hamu zaidi ili imuuzie la bei ya juu kwanza. Mei 2018 Elon Musk mwenyewe aliandika wazi kwamba wakianza na toleo la bei ya chini kampuni itapata hasara na kufa. Namwelewa kama mfanyabiashara. Lakini basi tukubaliane kwamba hao watu ndio walioibeba kampuni mgongoni, na tuache kuwacheka wanapouliza chao kiko wapi.

Karibuni.

#2 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, nimesoma yote na heshima yako naitunza, ila sikubaliani. Simu ikitoka leo inauzwa milioni tatu, mwakani ni milioni mbili. Hakuna anayekwenda dukani kudai chenji. Hawa watu waliambiwa arbuni inarudishwa. Aliyeona 49,000 ni nyingi angechukua 1,000 yake akanunua gari lingine. Hakushikiwa bunduki.

Na kumbuka huyo wa kwanza ameendesha gari mwaka mzima na zaidi wakati mwenzake anasubiri. Mwaka huo nao una thamani yake, wewe hukuuweka kwenye hesabu.

#3 Mleta mada

Mkuu wa Dodoma, hoja ya mwaka wa kuendesha naipokea, ni ya haki kabisa. Mwenye kupata mapema kalipia mapema yake.

Ila mfano wa simu haukai. Simu unaiona kabatini na bei yake imebandikwa, unaamua palepale. Huyu wa Model 3 alitoa pesa kwa bei moja, akakaa mwaka na miezi kadhaa, akaletewa bei nyingine, na kile alichokifuata kikawekwa mbele bila tarehe. Kusema "angerudishiwa" ni kweli kisheria. Lakini mtu ameshauza gari lake la zamani, ameshafunga chaja ukutani nyumbani, ameshapanga na benki. Akitoka hapo anaanza upya kila kitu, na kampuni zinalijua hilo.

Halafu usidhani ni mambo ya Model 3 peke yake. Nenda China, Januari 2023. Tarehe 6 Tesla walishusha Model 3 kutoka yuani 265,900 hadi 229,900, na Model Y kutoka 288,900 hadi 259,900. Kesho yake wateja kama 200 walikusanyika kwenye kituo cha kukabidhi magari Shanghai wakidai maelezo na fidia. Wengi walikuwa wamekimbilia kuchukua magari Desemba kwa sababu ruzuku ya serikali ya China ilikuwa inaisha mwisho wa 2022, na wakaamini kwamba baada ya hapo bei itapanda. Ikashuka ndani ya wiki moja. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba hakuna mpango wa kuwafidia.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Marekani na Ulaya. Model Y ya masafa marefu ilitoka dola 65,990 hadi 52,990 usiku mmoja. Na kwa bei hiyo mpya ikawa inaingia chini ya kikomo cha 55,000 cha msamaha mpya wa kodi, yaani ondoa 7,500 nyingine kwa anayestahili. Aliyechukua Oktoba 2022 kwa bei kamili kaachwa nyuma kwa dola 20,500. Kwa wengi wetu hapa hizo ni nyumba.

#4 Mchangiaji, Minnesota

Naomba niongee kama mtu yaliyomkuta. Kampuni siitaji, na siyo lazima iwe mojawapo ya hizo zilizotajwa.

Niliweka arbuni, nikasubiri, zamu ikafika, nikachukua gari kwa mkopo wa miezi 72. Miezi michache baadaye bei ya gari jipya kama langu ikashushwa. Nikadhani hainihusu, mimi si nimeshanunua. Nikaja kugundua inanihusu sana siku nilipotaka kulibadilisha, familia imeongezeka nahitaji gari kubwa. Yule mtu wa yadi akalikagua, likawa safi, halina mkwaruzo, halafu akageuza kompyuta yake nione. Bei ya gari jipya kiwandani ilikuwa pale juu, na ya kwangu chini yake, kwa sababu hakuna mtu atakayenunua lililotumika kwa bei inayokaribia jipya. Deni langu benki lilikuwa kubwa kuliko alichonipa. Ningelitoa gari na bado ningebaki nadaiwa.

Ndugu wa Dodoma, simu huwa hainunuliwi kwa mkopo wa miaka sita. Hapo ndipo panapouma. Bei ikishuka, gari langu nalo linashuka pale pale nje lilipopaki, ila deni linabaki palepale.

Mpaka leo nalo. Gari ni zuri mno, hilo sitadanganya. Wakati wa baridi ya huku asubuhi linapasha joto kabla sijatoka ndani. Nililolalamikia ni namna walivyotuuzia.

#5 Mchangiaji, Nairobi

Pole sana ndugu yangu wa Minnesota.

Mimi nina swali la kibinafsi kidogo. Nilisoma kwamba Hertz, ile kampuni kubwa ya kukodisha magari, waliuza magari yao ya umeme kwa bei ya kutupa. Kama bei zimeporomoka hivyo huko Marekani, mbona sisi hatuyaoni Mombasa? Ningependa kununua moja, petroli imenichosha.

#6 Mleta mada

Wa Minnesota, asante. Umeeleza sehemu ambayo mimi sikuifikia, ya thamani ya gari lililotumika.

Wa Nairobi, ni kweli. Hertz walitangaza Oktoba 2021 kwamba wanaagiza Tesla 100,000. Januari 2024 wakasema wanauza magari ya umeme 20,000 na kuandika hasara ya dola milioni 245 kwa kushuka kwa thamani. Hata kampuni kubwa yenye wahasibu wake iliumizwa na bei zile zile zilizomuumiza ndugu yetu, kwa hiyo tusiseme walioumia ni wasiojua biashara.

Kwa nini hayafiki Mombasa? Yale ni ya usukani wa kushoto. Kenya haisajili usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida ya mtu binafsi, na gari lisiwe limezidi miaka minane. Ya kwenu yatatoka Japani na Uingereza. Na hapo kuna watu wa foleni ambao huwa hawatajwi kabisa: Waingereza walioweka arbuni ya Model 3 mwaka 2016. Ya usukani wa kulia hayakutoka hadi 2019. Walifunguliwa kuagiza Mei, wakaanza kupokea Juni. Miaka mitatu pesa imekaa. Hawakupata la 35,000, na wala hawakuwa na namna ya kulikimbilia la mwanzo, halikuwepo la upande wao.

#7 Mchangiaji, Arusha

Mimi nafuatilia zaidi pikapu, naomba niongeze za huko, maana huko kuna mfano mbaya na mfano mzuri.

Ford F-150 Lightning ilizinduliwa Mei 2021, toleo la kazi likianzia dola 39,974. Kushika nafasi dola 100 tu. Kufikia Desemba waliojiandikisha walikuwa kama 200,000 hadi wakafunga daftari. Kisha bei ikaanza kupanda: Agosti 2022 ikawa 46,974, Oktoba 51,974, Desemba 55,974, Machi 2023 ikafika 59,974. Aliyekuwa ameshageuza nafasi yake kuwa oda kamili alilindwa na bei yake. Mwenye nafasi tu, bado hajaitwa, alipandishwa na wengine wote. Halafu Julai 2023 wakaishusha hadi 49,995. Aliyechukua kati ya Machi na Julai kaliwa 10,000, na aliyesubiri bado kalipa 10,000 zaidi ya alichoahidiwa 2021. Ni yale yale aliyosema mleta mada.

Mfano mzuri ni Rivian, kampuni nyingine ya Marekani ya magari ya umeme. Tarehe 1 Machi 2022 walipandisha bei za pikapu yao R1T na gari lao la familia R1S kwa kiasi cha asilimia 17 na 20, na wakawajumuisha hata waliokuwa wameweka arbuni miaka nyuma. Watu wakaanza kufuta oda kwa hasira. Siku mbili baadaye mkurugenzi wao, RJ Scaringe, akaandika barua ya kuomba radhi na kusema yeyote aliyeagiza kabla ya tarehe ile atauziwa kwa bei ya zamani. Waliofuta wakaruhusiwa kurudi kwenye nafasi zao.

Kampuni ile ilikuwa inapata hasara kwa kila gari. Bado ililipa gharama ya kutimiza neno lake. Kwa hiyo kampuni zikitaka zinaweza.

#8 Mchangiaji, Hamburg

Huku Ujerumani lawama iliangukia serikali. Kulikuwa na ruzuku ya kununua gari la umeme. Jumamosi tarehe 16 Desemba 2023 ikatangazwa kwamba mwisho wa kuomba ni kesho yake, Jumapili. Na ruzuku huiombi siku ya kuagiza, unaomba gari likishasajiliwa kwa jina lako. Watu walioagiza miezi kadhaa nyuma, gari liko njiani, wakapoteza maelfu ya yuro mwishoni mwa wiki. Baadhi ya watengenezaji, Volkswagen wakiwemo, walijitolea kuwafidia wateja wao kwa muda.

Naleta hili kwa sababu mteja wa foleni amebebeshwa hatari mbili kwa wakati mmoja, ya bei ya kampuni na ya sera ya serikali, na zote zinahesabiwa siku ya kukabidhiwa gari. Hakuna inayohesabiwa siku aliyotoa pesa.

#9 Mchangiaji, Dodoma

Nimerudi. Hoja ya mkopo ya ndugu wa Minnesota imenigusa, na hii ya Rivian sikuijua. Bado nasema mtu akishakabidhiwa gari na kuendesha, bei ya kesho siyo haki yake tena. Lakini kwa yule ambaye bado anasubiri, nakubali: aliyetoa pesa kwa bei iliyotangazwa auziwe kwa bei hiyo au ya chini yake.

Sasa nisaidieni. Kuna mtu wangu wa karibu yuko Marekani, anataka kuweka arbuni ya gari ambalo bado halijaanza kutengenezwa. Ananiuliza mimi. Nimwambie nini?

#10 Mleta mada

Mkuu, asante kwa kurudi. Tuko karibu zaidi kuliko tulivyoanza. Kwa aliyekwisha kukabidhiwa, mimi ningeomba kipindi kifupi tu cha ulinzi, tuseme siku 30. Hao wa Shanghai wangepona.

Kuhusu ndugu yako, kabla hajatoa chochote asome ukurasa wa masharti, siyo tangazo. Aangalie kama neno bei limeandikwa mle ndani. Mara nyingi halimo. Kinachoandikwa ni kwamba arbuni si mkataba wa kununua, na kwamba bei ya mwisho itajulikana wakati wa kuagiza. Kama ndivyo, ajue ananunua namba ya foleni peke yake.

Cybertruck, pikapu ya Tesla, ndiyo somo lake. Novemba 2019 ilitangazwa kuanzia dola 39,900, kwa arbuni ya dola 100. Ilipoanza kukabidhiwa, tarehe 30 Novemba 2023, ya bei ya chini kabisa ilikuwa imepanda hadi 60,990 na ikasemwa itakuja 2025. Walioitwa kwanza kwenye foleni waliuziwa toleo maalumu la mwanzo kuanzia 99,990. Lilikuwa na nyongeza zake, programu ya kujiendesha na vifaa vya kuchaji, siwezi kusema zile 20,000 za ziada zote zilipotea. Lakini kufikia Oktoba 2024 gari lile lile lisilo na nyongeza lilikuwa linauzwa 79,990, na hukuhitaji kuwa kwenye foleni.

Pia amuulize muuzaji arbuni inakaa wapi. Ikiwa kwenye akaunti ya pekee, sawa. Ikiwa inaingia kwenye matumizi ya kampuni, basi siku kampuni ikifilisika yeye ni mdai tu, na huenda asirudishiwe zote. Kwa dola 100 siyo jambo kubwa. Kwa Roadster mpya ya Tesla iliyotangazwa Novemba 2017 arbuni ilikuwa 50,000, toleo la kwanza unalipia 250,000 zote mapema, na gari lilisemwa lingetoka 2020. Ilifika 2025 likiwa halijakabidhiwa kwa mtu.

Na aulize jambo moja kwa maandishi: bei ikishuka kati ya siku ya kuagiza na siku ya kukabidhiwa, nalipa ipi? Wakimjibu kwa barua pepe aitunze. Wakikataa kuandika, dola yake ibaki mfukoni, asubiri gari lionekane yadi.

#11 Mchangiaji, Minnesota

Aongeze na swali la benki: akilipa asilimia ngapi mbele deni halitazidi thamani ya gari likishuka kwa robo. Mimi niliweka kidogo sana mbele. Anitafute hapa hapa jukwaani kama yuko majimbo ya huku, nitamwonyesha makaratasi yangu yalivyo ili ajue pa kuangalia.